Mganga au daktari: uandike lipi?

Kwa asili, mganga lina mizizi mirefu zaidi kwetu: Wakongo husema nganga, Washona wa Zimbabwe n'anga. Daktari limesafiri kutoka Kilatini, docere, yaani kufundisha. Ndiyo maana mwenye shahada ya uzamivu huitwa Dkt. hata kama hajawahi kushika sindano.

Kwa kueleweka, daktari linashinda karibu kila mahali. Mganga hutegemea uko wapi. Tanzania utakuta mlango wa kituo cha afya umeandikwa Mganga Mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, na wizarani yupo Mganga Mkuu wa Serikali, vyeo vya heshima kabisa. Nairobi, ukisema umetoka kwa mganga, watu watawaza tunguri na hirizi.

Barua ya wilayani Tanzania? Fuata cheo chao. Wasomaji wa Kenya, au mchanganyiko? Daktari ni salama zaidi, na wa jadi mwite mganga wa kienyeji.