Mafaili ya mirathi ya kaunti: nyota nne
Mke wangu ni Mmarekani Mweusi, na mama mkwe alitaka kuwajua mababu zake wa Virginia. Sensa ya Marekani, ukirudi nyuma kutafuta majina ya watumwa, inagota 1870; zile za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa kwa umri na jinsia, kwa kawaida bila majina. Nikajisajili FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, bure, nikafungua mafaili ya mirathi ya mahakama za kaunti. Majina yako humo: bwana mwenye watumwa akifa, mali yake iliorodheshwa, binadamu katikati ya ng'ombe na vitanda, kila mmoja na bei yake. Ukurasa wa kwanza tu nilifunga kompyuta nikatoka nje.

Mwandiko unaumiza macho. Tafuta kwa jina la bwana, si la mtumwa. Nakala niliifuata mahakamani mwenyewe. Karani alinizungusha siku mbili.