Kurekodi gitaa la umeme kwenye kompyuta: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri, kipi uachane nacho

Wakuu, hili swali linaulizwa kila siku na majibu mengi yanakimbilia kwenye majina, nunua hii achana na ile, wakati kabla hata hujafika kwenye majina kuna vitu viwili ndo vinaamua kama utapata gitaa au utapata kelele: tundu unalochomeka gitaa, na draiva, yaani ile programu inayounganisha kifaa na kompyuta. Ukishavielewa hivi viwili hata muuzaji akuzungushe vipi hakupati.

Tuanze na tundu. Pikapu (zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) za gitaa la kawaida, lile lisilo na betri, zinatoa umeme mdogo na dhaifu, hauna nguvu ya kusukuma mzigo, sasa ukiupeleka kwenye tundu la maiki la laptopu ambalo ukinzani wake ni omu elfu chache tu, umeme unamezwa na cha kwanza kufa ni trebo, gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi halafu juu yake kuna mvumo wa laptopu yenyewe. Watu wengi wanadhani gitaa lao bovu, wanaanza kubadilisha pikapu, kumbe tatizo ni tundu. Tundu la gitaa linatakiwa liwe na ukinzani wa kama omu milioni 1 hivi, na kwenye kifaa utaliona limeandikwa "Inst" au "Hi-Z" au wamechora kagitaa kadogo, au kuna kitufe cha kuhama kutoka "Line" kwenda "Inst". Hicho kitufe usipokibonyeza umerudi kulekule.

Draiva sasa. Ukipiga noti, sauti inaingia kwenye kompyuta, inapita kwenye programu ya amplifaya, inarudi masikioni kwako, na safari hiyo inakula muda. Kompyuta inakusanya sauti kwa mafungu, ndo hiyo wanaita bafa, na bafa ya sampuli 128 kwenye 48 kHz (sampuli elfu 48 kwa sekunde) ni kama milisekunde 2.7, ya sampuli 512 ni kama 10.7, na hapo ni kuingia tu, bado kutoka, bado na mambo mengine ndani ya kifaa. Ukisimama mita 3 kutoka kwenye amplifaya sauti inakufikia baada ya milisekunde 9 hivi na hakuna mtu analalamika, kwa hiyo safari nzima ikiwa chini ya 10 unapiga raha mustarehe, ikipita 20 vidole vinaanza kusubiri sauti na taimingi inaharibika. Kwenye Windows ndo maana unahitaji draiva ya ASIO, mfumo ulioletwa na Steinberg, na bora iwe imetengenezwa na kampuni ya kifaa chenyewe. ASIO4ALL ni ya bure na inasaidia sana tu, lakini ni kiraka. Kwenye Mac shida hiyo huna, Core Audio imo ndani tayari.

Basi mpangilio wangu ni huu.

Namba 1 ni saundi kadi ya nje, ile ya USB, yenye tundu la gitaa. Hii ndo ya kununua kwa watu walio wengi na wala sitetereki. Gitaa linaingia tupu bila efekti, programu ndani ya kompyuta ndo inakuwa amplifaya, na uzuri wake mkubwa ni kwamba kilichohifadhiwa ni lile gitaa tupu, leo umeweka distoshoni nzito, wiki ijayo ukisikiliza unaona imezidi, unabadilisha amplifaya nzima bila kushika gitaa tena. Ukishapata solo uliyoipiga ikatoka safi mara moja na unajua haitorudi vilevile, utaelewa kwa nini nang'ang'ania hili.

Kwa anayeanza Focusrite Scarlett Solo inatosha kabisa, tundu moja la gitaa na moja la maiki. Kama unaona kuna siku mtakaa wawili na magitaa mawili, chukua Scarlett 2i2, na kizazi chake cha nne kilichotoka 2023 kina kitufe cha kupanga chenyewe geini, yaani ukubwa wa sauti inayoingia, unabonyeza, unapiga kwa sekunde 10, kinapanga (Solo haina hicho). MOTU M2 naipenda kwa kale kaskrini kake kanakoonyesha sauti inaingia kiasi gani bila kufungua programu, na draiva zake ziko fasta. Audient iD4 tundu lake la gitaa limejengwa kwa transista ya JFET na linapokea mguso wa kidole vizuri mno, kama unapiga vitu laini, bluzi au gitaa safi la dansi, hiyo iangalie kwa makini. Upande wa bei ya chini kuna Behringer, na hapa tulia kidogo: UM2 na UMC22 ni za biti 16 na kwenye Windows zinategemea ASIO4ALL, ila UMC202HD ni biti 24 na ina draiva yake ya ASIO. Tofauti ya bei kati yao sio kubwa, hivyo subiri ujazilizie ununue 202HD. Hizo biti 24 zina maana, kwa sababu huhitaji kusukuma geini hadi mwisho ndo usikike. Unachagua pikapu ya nyuma karibu na daraja, unapiga kodi zako kwa nguvu kuliko utakavyopiga kwenye wimbo, unapanga geini vilele viishie kati ya desibeli -12 na -6, basi, usiguse tena. Taa nyekundu ikiwaka sauti imeshapasuka na hakuna programu itakayoirudisha.

Namba 2, pedali ya maefekti yenye USB inayofanya kazi ya saundi kadi. Hii kwa mtu anayepiga jukwaani pia, maana unanunua kitu kimoja kinafanya kazi mbili. Boss GT-1 ni ndogo na inaingia kwenye begi la gitaa, Line 6 Pod Go na HX Stomp ziko juu zaidi, na HX Stomp inaweza kupeleka kwenye kompyuta sauti yenye efekti na gitaa tupu kwa wakati mmoja, kwa hiyo ile faida ya namba 1 huipotezi. Tena amplifaya iko ndani ya pedali, kompyuta hata ikiwa ya kizee haihangaiki, unajisikia moja kwa moja bila kuchelewa. Kama laptopu yako inakoroma ukifungua programu mbili tu, kwako wewe hii ndo namba 1. Ubaya ni kwamba siku ukitaka kurekodi sauti ya kuimba kwa maiki nzuri, nyingi hazina tundu la maiki, utarudi dukani.

Namba 3, amplifaya yenye USB. Boss Katana 50 na 100, Yamaha THR10II, na wenzao. Unachomeka waya wa printa au wa aina hiyo na inaingia kwenye kompyuta ikiwa na sauti yake ya kabineti, yaani boksi la spika. Kama tayari unayo, usinunue kitu kingine mpaka uijaribu. Lakini kununua amplifaya kwa ajili ya kurekodi tu siyo hesabu nzuri.

Namba 4, maiki mbele ya amplifaya. Hapa watakuja wenye hasira, najua, kwa sababu sauti bora kabisa za gitaa duniani zimerekodiwa hivi na Shure SM57 imesimama mbele ya spika tangu 1965 hadi leo. Sijaiweka ya nne kwa ajili ya sauti, nimeiweka kwa sababu ya nyumba. Spika inapendeza ikisukumwa, ikisukumwa majirani wanajua, na chumba chenye kuta tupu kinaongeza mwangwi ambao hautoki. Tena bado unahitaji saundi kadi ya namba 1, stendi na waya wa XLR. Ila kama una chumba na una uhuru wa kelele, fanya, raha yake haina mfano. Weka SM57 sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa, mkabala na ukingo wa kile kikofia cha katikati ya spika, sio katikati kabisa. Ukisogea kuelekea katikati sauti inakuwa kali, ukisogea nje inakuwa nene na laini, na sentimita moja tu inabadilisha kuliko hata kugusa kitufe cha trebo, kwa hiyo mwombe mtu apige wewe uvae hedifoni usogeze maiki taratibu. Na tafadhali sana, lile tundu la nyuma la kwenda kwenye spika usilipeleke kwenye saundi kadi, linatoa nguvu ya kuunguza, na amplifaya ya taa (ya valvu) ukiiwasha bila spika unaweza kuua transfoma yake.

Namba 5, waya wa gitaa wenye USB upande wa pili, au kale kakifaa kama Behringer UCG102. Kanafanya kazi, tundu lake ni la gitaa kweli, na kwa kujifunza na kunasa mawazo kabla hayajapotea kanatosha. Lakini tundu ni moja, geini huwezi kupanga kwa maana, na kwenye Windows kuchelewa kunakuchosha. Kwa mwanafunzi sawa. Kwa anayetaka kutoa nyimbo, hela hiyo iweke kwenye namba 1.

Adapta za kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye tundu la maiki la laptopu sizipi namba kabisa, sababu nimeitoa juu.

Programu wala zisikuumize kichwa. Mac ina GarageBand na amplifaya zake, bure. Reaper unapewa siku 60 ikiwa kamili kabla ya kulipia na ni nyepesi hata kwenye mashine za zamani. Audacity inarekodi vizuri ila huwezi kujisikia ukiwa na efekti wakati unapiga, kwa gitaa la distoshoni hilo ni tatizo kubwa. Kwa amplifaya, pakua Neural Amp Modeler, ni ya bure na sauti yake inashindana na za kulipia, ongezea faili za IR za kabineti, yaani faili zinazoiga sauti ya boksi la spika, maana amplifaya bila kabineti inasikika kama nyuki na wengi wanaikataa hapohapo kabla hawajaweka hiyo IR.

Hedifoni ziwe za waya. Za Bluetooth zinachelewa kiasi kwamba kila nilichoeleza juu ya bafa kinakuwa bure, na usizitumie hata za bei mbaya. Zilizofunika sikio kama Audio-Technica ATH-M40x zinakaa vizuri kwa kazi hii.

Ukinunua yaliyotumika, na mimi naunga mkono kabisa, nenda na laptopu yako na gitaa lako. Ingia kwanza kwenye tovuti ya kampuni uone kama draiva ya kifaa hicho ipo kwa Windows au macOS uliyonayo, maana kifaa kizima kisicho na draiva ni tofali. Tikisa jeki ya gitaa ndani ya tundu ukiwa unasikiliza, ikikatakata tundu limelegea. Tikisa na waya wa USB vilevile. Zungusha kila kitufe cha geini mwanzo hadi mwisho, ukisikia mkwaruzo wa hapa na pale unaweza kuombea punguzo, ukisikia sauti inapotea kabisa mrudishie. Na programu za bure zilizokuja nayo usizihesabie kwenye bei, mara nyingi mwenyewe wa kwanza alishazisajili kwa jina lake.