Jinsia Yenyewe, au Jinsia Ndani ya Sheria?

Anayetaka kutafiti masuala ya jinsia Makerere ana njia mbili, na wengi huchagua kwa haraka mno.

Ya kwanza ni kusoma jinsia yenyewe. Idara ya Masomo ya Wanawake ilianzishwa pale mwaka 1991, mwaka mmoja baada ya wasichana kuanza kuongezewa alama 1.5 katika udahili. Hapa unajifunza nadharia na mbinu za utafiti: kumhoji mama shambani bila kumlisha maneno, kuuliza nani analima, nani anauza, nani anashika fedha. Kwingine maswali hayo huachwa pembeni.

Ya pili ni kuingia fani nyingine, tuseme sheria, na kulibeba swali lako humo. Sylvia Tamale, mwanamke wa kwanza kuongoza Kitivo cha Sheria Makerere, ameandika kuhusu jinsia akiwa mwanasheria. Njia hii inakupa meno. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwanasheria Rebeca Gyumi alikipinga kifungu hicho, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye 2019. Tatizo ni kwamba unaweza kukosa msimamizi wa tasnifu anayelielewa swali lako.

Mimi ningesoma sheria kwanza, kisha uzamili wa jinsia. Ila kama moyo wako uko vijijini, kwenye mahojiano, usipoteze miaka minne kwenye vifungu.