Harusi ya Kipolinesia: Moorea au Oahu?

Moorea, kisiwa cha Polinesia ya Ufaransa katika Bahari ya Pasifiki, uzuri uko kwenye mila yenyewe. Baragumu la kombe la bahari hulia, maharusi huvikwa mataji ya maua na kupewa majina ya Kitahiti, kisha hufunikwa pamoja kwa tifaifai, shuka iliyopambwa kwa vitambaa vilivyoshonewa juu yake. Kwangu hicho ndicho kilele. Lakini kisheria sherehe hiyo peke yake si ndoa. Ndoa halali hufungwa kwa meya, na makaratasi yake huandaliwa mapema.

Oahu, Hawaii, maharusi huvishana lei, yaani mashada ya maua ya shingoni. Leseni ya ndoa ya jimbo haidai ukaazi wala siku za kungoja, hudumu siku 30.

Mimi ningefunga ndoa nyumbani kwanza, halafu niende Moorea.