Tuisheni ya hesabu Majengo: mwanangu ameshika mifuatano

Wiki ya sita hii binti yangu wa kidato cha tatu anakwenda tuisheni ya Jumamosi huku Majengo, juu ya duka la vitambaa. Shilingi 300 kwa masaa mawili, na pesa yangu naiona ilikokwenda.

Kilichokuwa kikimtesa ni mifuatano ya namba. Ukimpa 3, 7, 15, 31 atakwambia papo hapo inayofuata ni 63, kwa kuwa unazidisha kwa mbili unaongeza moja. Mwambie sasa aandike fomula, kalamu inagoma. Ile n−1 ndogo inayokaa chini ya herufi a alikuwa akidhani ni kutoa moja kwenye namba yenyewe. Shuleni kwao alichorwa wino mwekundu muhula mzima, hakuna aliyemkalisha chini kumweleza, na hilo liliniuma.

Jumamosi moja niliwahi kumchukua, nikakaa nyuma kimya. Mwalimu kawapanga watoto sita mstari mmoja, kama wangojao feri Likoni. Kila mtu amuulize aliye mbele yake ana ngapi, azidishe kwa mbili, aongeze moja. Wakaulizana weee, jibu hakuna, maana wa mbele kabisa hana wa kumuuliza. Mwalimu akamwinamia: "Wewe una tatu." Hapo namba zikateremka mstari mzima: 7, 15, 31, 63, hadi 127 kwa wa mwisho. Akarudia kwa kumpa wa kwanza 5, kanuni ile ile, zikaja 11, 23, 47. Kisha ndipo akaandika ubaoni:

a₁ = 3
aₙ = 2aₙ₋₁ + 1

"Huyu n−1 ni nani?"

"Ni aliye mbele yangu, mwalimu," akajibu mwanangu. Machozi yalinilengalenga.

Nisilolipenda ni kwamba njia ya kuipata namba ya 40 bila kupitia zote iliguswa mwishoni, watoto washafunga mabegi. Kwa 4, 7, 10, 13 binti anaiweza: 3 × 40 + 1, yaani 121. Ile ya kuzidisha bado inamsumbua. Nilimwambia mwalimu, akanipa ahadi ya kipindi kizima Jumamosi ijayo.

Chumba kina joto, feni ni moja, mtoto aende na maji yake. Na mpelekeni kipindi cha asubuhi, cha saa nane kimeshajaa.