Beni za vyuo vya Marekani: mapumziko yakifika, usitoke kwenye kiti

Nianze na ushauri. Ukienda kuangalia mpira wa Kimarekani chuoni, kula kabla hujaingia uwanjani. Mapumziko ya katikati ni dakika 20, na dakika hizo hizo ndizo watu wengi wanazitumia kupanga foleni ya chakula. Wanarudi na soda mkononi, beni inatoka uwanjani, na wanaamini hawajakosa kitu. Mimi naenda kwa ajili ya beni. Mpira naupokea kama nyongeza.

Nilipuliza baritoni kwenye kikundi cha matarumbeta cha kanisa kwa miaka tisa, kwa hiyo nikisikia ala za shaba masikio yangu huenda moja kwa moja kwenye sauti za chini na za kati, kule makosa yanakojificha. Mwaka wangu wa kwanza Marekani nilidhani beni za vyuo ni mbwembwe tu: manyoya kofiani, mabinti wanaorusha bendera, kelele nyingi. Nilikuwa nimeziona kwenye televisheni peke yake, na televisheni haizitendei haki. Mapumziko yakianza, kamera inarudi studio kwa wachambuzi, na vijana 200 waliofanya mazoezi wiki nzima wanageuzwa kuwa mlio wa nyuma ya watu wanaozungumza.

Hapa nazungumzia sehemu mbili nilizoketi mwenyewe nikasikiliza: beni ya chuo kikuu cha Ohio State mjini Columbus, na wikiendi ya Bayou Classic mjini New Orleans, ambako chuo cha Southern na chuo cha Grambling State hukutana kila mwaka baada ya sikukuu ya Shukrani.

Columbus kwanza. Siku ya mechi ya nyumbani, kabla ya kwenda kwenye uwanja mkubwa, beni inakusanyika kwenye ukumbi wa ndani uitwao St. John Arena kwa kipindi wanachokiita Skull Session. Asili yake ni mazoezi ya mwisho ya kuhakikisha kila mtu ameshika nyimbo kichwani, bila karatasi. Siku hizi maelfu ya watu huja kusikiliza. Siku niliyokwenda sikulipa kiingilio, na nilipata nafasi hatua chache kutoka safu ya masusafoni, yale matuba makubwa yanayomzunguka mpulizaji mwilini na kufungua mdomo wake juu ya kichwa. Ala hiyo imepewa jina la John Philip Sousa, mwongozaji beni aliyetaka tuba ambayo sauti yake ingemwagika juu ya wapigaji wote. Ukikaa karibu nayo unaelewa alichokuwa anakitaka. Besi huanza kuisikia kwenye ubao wa kiti, kisha kifuani, masikio yanafuata baadaye.

Beni hii haina klarineti, filimbi wala saksafoni. Tangu mwaka 1934 ni shaba na ngoma tu. (Na hadi 1973 ilikuwa ya wanaume tu, leo wasichana wako kila safu, na wengine wanapuliza besi.) Mwanzoni nilihofia sauti itakuwa ya ukali mmoja, kama kijiko kinachokwaruza sufuria. Nilikosea. Kwa kuwa ala zote ni za ukoo mmoja, rangi ya sauti inashuka kutoka juu hadi chini bila mshono: tarumbeta, kisha flugeli na pembe za alto zinazolainisha katikati, kisha tromboni na baritoni, kisha lile zulia la besi.

Dakika iliyonishika haikuwa ya kelele hata kidogo. Walipiga wimbo wa chuo, Carmen Ohio, polepole, kwa sauti ya chini. Kabla ya noti ya kwanza nilisikia watu zaidi ya 200 wakivuta pumzi kwa pamoja. Ilikuwa pumzi moja ndefu, kama wimbi linaporudi baharini kabla ya kuja tena ufukweni. Halafu noti ikaingia bila mgongano, hakuna aliyewahi wala aliyechelewa. Aliyewahi kupuliza ala ya shaba anajua kwamba kuingia kwa sauti ndogo ni kugumu mara kumi kuliko kuingia kwa kishindo. Midomo inagoma, hewa inatoka bila sauti, au noti inapasuka. Hapa hapakupasuka kitu. Niliangalia mikono yangu nikakuta nimeshika vali ambazo hazipo.

Baada ya hapo wanatembea hadi uwanjani na kushuka kwa njia ya mteremko kwenye upande wa kaskazini, ngoma zikipiga mapigo 180 kwa dakika. Dram meja, yaani kiongozi wa beni, anakimbia mbele, anajipinda kinyumenyume mpaka manyoya ya kofia yake yanagusa nyasi. Kisha inakuja Script Ohio, wanayoifanya tangu 1936: mstari mmoja wa watu unajizungusha na kupishana, huku wakipiga machi (muziki wa gwaride) ya Kifaransa, mpaka neno Ohio linaandikika uwanjani kwa mwandiko wa kuunganisha. Nukta ya herufi i anaiweka mpulizaji susafoni wa mwaka wa nne au wa tano, anayetoka kwa madaha na kuwainamia watu wa pande zote mbili. Uwanja mzima hulipuka. Kimuziki machi yenyewe si ngumu, hilo niseme wazi. Ugumu ni kuipiga sawasawa wakati unakatiza katikati ya wenzako bila kugongwa jino na ala yako mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoona thamani yao. Kipimo cha kawaida cha mwendo ni hatua 8 kwa kila yadi 5, yaani kila hatua ni sentimita 57 hivi, awe mfupi awe mrefu. Miguu inafanya kazi yote, na kuanzia kiunoni kwenda juu mwili unatulia kama wa mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani, kwa sababu kila mtikisiko unafika mdomoni na kila kinachofika mdomoni kinasikika.

Halafu kuna jambo la sauti lenyewe. Uwanja una urefu wa yadi 100, karibu mita 91. Sauti inahitaji zaidi kidogo ya robo sekunde kuuvuka. Kwa wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, robo sekunde ni nusu ya pigo. Kwa hiyo mpiga tarumbeta aliye pembeni kabisa akisubiri asikie ngoma ndipo apulize, ameshachelewa, na sisi tulioketi tunasikia wimbo umechanika vipande viwili. Kanisani tulifundishwa kumsikiliza jirani. Hawa wanafundishwa kutoyaamini masikio yao na kufuata mikono ya dram meja kwa macho. Jaribu kupiga muziki ukijua unachokisikia kinakudanganya! Beni dhaifu utaijua hapo: ikishatawanyika uwanjani, tarumbeta za kulia na za kushoto zinaanza kupiga nyimbo pacha zisizokutana. Beni nzuri inakufanya usahau kwamba tatizo hilo lipo.

New Orleans ni ulimwengu mwingine. Southern na Grambling ni vyuo vya kihistoria vya watu Weusi, na beni zao zina desturi yao: magoti yanapanda juu, miili inayumba na ala, wacheza dansi wanatangulia mbele, na nyimbo nyingi ni zile zinazopigwa redioni wiki hiyo, zimepangwa upya kwa shaba. Beni ya Southern inajiita Human Jukebox, yaani sanduku la muziki lililo hai, na jina limewakaa vizuri. Grambling nao si wageni wa majukwaa makubwa. Walipiga kwenye Super Bowl ya kwanza kabisa, fainali ya mpira wa Kimarekani wa kulipwa, Januari 1967.

Mechi ni Jumamosi, ila pambano la beni ni Ijumaa usiku ndani ya Superdome, uwanja mkubwa wenye paa, pamoja na maonyesho ya vyama vya wanafunzi. Nenda Ijumaa. Nalisema hilo kwa mkazo. Beni zinakaa zikitazamana na kujibizana wimbo kwa wimbo, kisha safu kwa safu: tromboni za huku zinauliza, tromboni za kule zinajibu. Ngoma nazo zina zamu yao. Watu walionizunguka walikuwa wajuzi kuliko wahakiki wengi niliowasoma. Mama mmoja mtu mzima mbele yangu, amevaa rangi za Southern tangu kofia hadi soksi, alikuwa akitikisa kichwa kila sauti ya pili ya tromboni ilipolegea. Alikuwa sahihi kila mara.

Kinachonivutia zaidi hapa ni mpangilio wa sauti. Wimbo wa mapenzi uliorekodiwa na mwimbaji mmoja na kinanda unafika kwa beni, na mtu amekaa akaamua: hapa sauti ya mwimbaji iende kwa baritoni, viitikio viende kwa pembe, besi ya kompyuta ibebwe na masusafoni 20. Ile besi ikibebwa na mapafu ya watu inapata uzito ambao spika haina, kwa sababu inavuta pumzi, inakatika kidogo, inarudi. Nilisikia wimbo ambao redioni nilikuwa nimeuchoka, nikautafuta tena usiku ule ule hotelini. Toleo la redio lilisikika jembamba.

Kasoro zipo. Kubwa zaidi ni nguvu. Pambano likipamba moto, beni yoyote inaingiwa na tamaa ya kumzima mwenzake, na mpulizaji akivuka kipimo chake sauti inachanika, inapanda juu ya noti, na mpangilio mzuri unageuka ukuta wa kelele. Kuna nusu saa ya Ijumaa ile ambayo ningeikata. Nyimbo nazo hukatwa fupi mno. Unaanza kuonja, wameshahama. Na Columbus, Novemba, baridi inafanya kazi yake: chuma kikipoa sauti inashuka, hasa kwa ala kubwa ambazo pumzi haizipashi haraka. Niliwaona wapulizaji wakificha vipulizio mikononi kati ya wimbo na wimbo. Hata hivyo dakika za kwanza za kila wimbo zilikuwa chini kidogo ya mstari.

Kasoro nyingine si ya muziki, nayo siwezi kuiruka. Baadhi ya beni hizi zimekuwa na desturi ya siri ya kuwapiga wanachama wapya kama tiketi ya kukubalika. Novemba 2011 dram meja wa beni ya Florida A&M alikufa baada ya kupigwa na wenzake ndani ya basi. Chuo kiliisimamisha beni, ikarudi mwaka 2013. Hiyo ni beni iliyoiwakilisha Marekani mjini Paris mwaka 1989, miaka 200 ya mapinduzi ya Ufaransa. Naipenda sanaa hii, na kwa sababu hiyo hiyo nataka kijana anayeingia beni atoke nayo akiwa mzima.

Wapo wanaoniuliza kama huu ni muziki au ni mazoezi ya viungo. Februari 2023 beni ya Tennessee State ilitwaa Grammy kwa albamu ya injili, ya kwanza kwa beni ya chuo. Nilifurahi, lakini sihitaji tuzo kunithibitishia. Muziki wa kusikilizwa uwanjani una sheria zake. Hauna kuta za kuurudisha wala ukimya wa kuupokea, na wapigaji wamesimama mbali na wenzao kiasi cha kutosikizana. Kuupima kwa mizani ya okestra ya ukumbini ni sawa na kuilaumu dau kwa kukosa matairi.

Mambo machache kwa anayetaka kwenda. Kwa onyesho la mapumziko kaa juu, karibu na mstari wa yadi 50, yaani katikati ya uwanja, upande ambao beni inautazama. Chini utaona miguu tu. Kwa kusikiliza, kaa karibu na beni ilipo wakati wa mchezo, kwa sababu huko ndiko wanakopiga wakiwa wamesongamana na sauti inashikana. Uliza mapema, maana kuna uwanja mmoja niliouziwa kiti cha "karibu na beni" nikajikuta chini ya spika, na kila beni ilipoanza, spika ilifungulia wimbo wa kurekodi juu yake. Niliandika malalamiko. Bado nasubiri jibu.

Na mechi ikiisha, baki. Watu wa New Orleans wanakiita kipindi hicho robo ya tano. Jumamosi ile wengi walikuwa wameshasimama, mikoba begani, watoto wamelala mabegani mwa baba zao. Beni zilikuwa zimeshapiga vitu vikubwa vyote. Halafu upande wa Southern wakashusha ala, wakazinyanyua tena taratibu, na ikaja ile pumzi niliyoisikia Columbus, safari hii kwenye jumba kubwa lililobaki nusu. Wimbo ulikuwa wa polepole, tromboni peke yake kwa mistari minne ya mwanzo. Mama mwenye soksi za rangi ya chuo alikuwepo tena, safu tatu chini yangu. Aliweka mkoba wake sakafuni, akaketi.