JB na '59 za Seymour Duncan, distoshen na sauti safi kwa gitaa moja

Jamani hii seti ya pikapu (vile vinasa sauti vya sumaku na koili vinavyokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme) nimekaa nayo miezi minane, JB kwenye briji na '59 kwenye shingo, na kwa mtu kama mimi anayepiga metali Jumamosi halafu Jumapili sebene kanisani, sijaona inayonifaa zaidi. JB ina ukinzani wa kama kilo-omu 16, yaani waya mwingi kwenye koili, kwa hiyo inaisukuma amplifaya kwelikweli, ukiziba nyuzi kwa kiganja ule mdundo unakaza, hautawanyiki. Ila sauti safi ya JB peke yake hapana, inaongea puani. Hapo ndo '59 inaokoa, yenyewe kama kilo-omu 7.4 tu, kodi ukiipiga kila noti unaisikia.

Chukueni zile za waya nne, fundi akuwekee poti ya kuvuta (kile kitufe cha kuzungusha sauti, ila hiki kinavutika pia), ukiivuta inazima koili moja kati ya mbili za pikapu, sauti inang'aa, japo ule mngurumo wa umeme unarudi kidogo. Fundi wangu mwanzoni aliunga waya za pikapu moja kinyume, swichi ikikaa katikati pikapu zote mbili zikilia pamoja sauti inakonda kama redio ndogo, akarudishia ikakaa sawa. Mi natumia poti za kilo-omu 500, JB ikikuchoma masikio jaribu 250, inapoza makali.